Siku Tuliyomsubiri Mjomba

Mama mwenzangu, kama una binti mwenye presha, au una mume mwenye presha, au ni wewe mwenyewe, nakuomba usome hii mpaka mwisho. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo sitaandika mambo ya kidaktari kama madaktari wanavyoyajua. Nitaandika niliyoyaona kwa macho na niliyoyafanya kwa mikono yangu. Hayo ya mikono ndiyo hayanipi usingizi.

Binti yangu aliitwa Hidaya. Ndiye wa kwanza kwangu, alikuwa na miaka thelathini na sita. Kwetu ni huku juu Uluguru, upande wa Mkuyuni. Kutoka kwangu mpaka barabarani ni kushuka kwa mguu saa nzima na zaidi, na mvua ikinyesha watu wengine wanashuka kwa makalio. Pikipiki inafika mpaka msikitini, chini kidogo ya nyumba yangu. Hidaya alikuwa anakaa ng'ambo ya kijito na mumewe Yusuph na watoto wao watatu, kwenye shamba la migomba la ukoo wetu. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba anapendwa na anaheshimiwa, lakini ikija kwenye jambo zito la mtoto, msemaji ni mjomba. Mjomba wa Hidaya ni kaka yangu Stambuli, analima mpunga Turiani, mbali huko upande wa pili wa mkoa.

Presha ya Hidaya ilionekana kliniki, alipokuwa na mimba ya huyu mdogo. Nesi Jesca wa zahanati alimpima mara mbili maana hakuamini mashine. Mia na themanini juu, mia na kumi chini. Akapewa dawa, akajifungua salama, akaambiwa presha haikushuka hata baada ya kujifungua, kwa hiyo aendelee kumeza kila siku, asiache hata akijiona mzima.

Alimeza miezi mitano. Siku moja tunapalilia tangawizi akaniambia, "Mama, hizi dawa zinanikojoza. Nikilima tuta moja nimekimbilia migombani mara tatu. Majirani watasema namroga mtu."

Nikacheka. Nikamuuliza, "Kichwa kinakuuma?"

"Hakiniumi."

"Macho?"

"Naona mpaka uchafu wa kwenye kanga yako."

"Basi pumzika nazo. Dawa za kila siku zinachosha figo. Nitakuchemshia majani ya mlonge."

Hayo nilisema mimi, hakusema jirani wala mganga. Sikuwa na mtu aliyenifundisha kwamba presha haiumi, kwamba mtu anaweza kulima, kucheka na kubeba kuni huku mishipa ya kichwani inaharibika taratibu. Nesi alisema, lakini nilimwona nesi ni mtoto. Nikamchemshia mlonge, na chumvi kwenye mboga nikaendelea kutia kama kawaida, maana Hidaya alikuwa hapendi mboga ya kupooza. Ikapita karibu mwaka.

Ilikuwa Jumamosi, siku ambayo tunapeleka ndizi Mkuyuni. Hidaya na Yusuph walikuja kwangu saa moja na nusu asubuhi kufunga mikungu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Kichwa tu, tangu jana. Kama kuna mtu anatwanga humu ndani."

Yusuph akasema, "Kitaachaje kuuma, mama? Jana alinisema tangu magharibi mpaka nikajifanya nimelala."

"Na sijamaliza," Hidaya akamwambia. "Nilikuwa nakupa nafasi ya kupumua."

Alikuwa anacheka akisema hivyo. Akainama kuchukua panga akate kikonyo cha mkungu, panga likadondoka. Akaliokota, likadondoka tena. Akauangalia ule mkono wa kulia kama anaangalia mkono wa mtu mwingine. Nikamwambia, "Wewe, acha mchezo, utajikata." Akageuka kunijibu, nikaona mdomo umevutwa kushoto, na upande wa kulia wa uso umelegea kama nguo iliyolowa. Akaongea, lakini yaliyotoka hayakuwa maneno. Naye alijua si maneno, macho yake yalionyesha anajua. Alijaribu mara ya pili, polepole, kama mtoto anayesoma ubaoni, yakatoka yale yale. Kisha mguu wa kulia ukamwachia, Yusuph akamdaka.

Tukamlaza kitandani kwangu. Bi Mwajuma, jirani yangu anayekanda watu, akaja mbio na chupa ya mafuta ya nyonyo. Akamshika mkono, akauachia, ukaanguka. Akasema, "Kapigwa na upepo huyu. Jana kapita mtoni jioni?" Nikasema kapita. Nani kwetu hapiti mtoni jioni? Akaanza kumkanda.

Nyumba ya pili kutoka kwangu amepanga mwalimu Hosiana, anafundisha shule ya msingi hapa kijijini, ni mtu wa Singida. Alisikia kelele akaja na kanga ya kulalia. Hakuuliza habari za mtoni. Aliinama akamwambia Hidaya, "Dada, tabasamu." Upande mmoja tu ukatabasamu. "Nyanyua mikono yote miwili." Ukanyanyuka wa kushoto. "Unaitwa nani?" Hidaya akatoa ile sauti, machozi yakamtoka.

Mwalimu akanigeukia. "Mama Hidaya, hiki ni kiharusi. Baba yangu kilimpata hivi hivi. Kuna mahali kwenye ubongo damu haifiki, na kila dakika inayopita sehemu ya ubongo inakufa. Ashushwe hospitali sasa hivi. Si kesho, si baadaye."

"Mwalimu," Bi Mwajuma akasema, mikono haijasimama, "hapa si darasani."

"Najua si darasani, bibi. Darasani ningekuwa nimeshawachapa."

Yusuph alikuwa ameshasimama mlangoni. "Pikipiki iko msikitini, mama. Nakaa mimi mbele, yeye katikati, mtu mmoja nyuma amkumbatie. Mkuyuni tunapata gari, mjini tunafika kabla ya saa tano."

Na mimi nikamuuliza, "Umeongea na mjomba wake?"

"Mjomba yuko Turiani, mama."

"Ndiyo nakuuliza, umeongea naye?"

"Mama, huyu ni mke wangu."

"Wewe umeoa, Yusuph. Ukoo huu si wako."

Nimeyaandika kama nilivyoyasema, sikupunguza. Mwanamume wa kwetu akishaambiwa hivyo na mkwewe mbele ya watu, hana la kuongeza.

Sababu ya kusema hivyo ilikuwepo. Zamani mdogo wetu aliugua akiwa ukweni, wakwe wakampeleka hospitali bila kutuambia, akafia huko. Stambuli alipata habari siku ya kuzika. Tangu hapo alisema mtu wetu asishushwe mlima huu akiwa mgonjwa bila yeye kujua, na wote tuliitikia. Mimi niliitikia kwa sauti kuliko wote. Siku hiyo ya Hidaya niliona natunza heshima ya kaka yangu.

Mwalimu Hosiana akasema, "Basi mpigieni simu. Dakika mbili tu. Akubali, twende."

Stambuli hakupokea. Alikuwa majarubani kwenye mpunga wake, simu ameiacha kibandani. Tulipiga tukapiga. Saa tatu ndipo akapokea, na hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, mama mwenzangu, maana kosa hili tunalo wengi.

Kwetu habari mbaya haisemwi kwenye simu. Mtu anaweza kuanguka, au kugongwa njiani kwa kuchanganyikiwa. Kwa hiyo tunashusha. Mtu akifa tunasema anaumwa sana, njoo. Akiumwa sana tunasema anaumwa kidogo. Anayepokea anajua kupandisha, akiambiwa sana anajua ni msiba, anabeba shuka la kulalia matanga kabisa. Nikamfikiria Stambuli na umri wake, peke yake kule majarubani. Nikisema anaumwa sana, atajua Hidaya kafa. Nikashusha.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba, Maimuna. Mbona simu nyingi?"

"Hidaya hajisikii vizuri kidogo."

"Ana nini?"

"Kichwa. Tangu jana."

"Mmempa Panadol?"

"Tulikuwa tunataka neno lako, kama ashuke hospitali."

"Kwa kichwa? Na njia hiyo ilivyo, mumrushe kwenye pikipiki, si kitapasuka kabisa? Msimshushe. Apumzike. Mimi nilikuwa nije wiki ijayo, basi nakuja leo leo, nimwone. Nisubirini."

"Haya kaka. Safari njema."

Mwalimu alikuwa amesimama pembeni yangu, amesikia yote. "Mama, mbona hukumwambia mkono? Hukumwambia mdomo?"

"Mtu anataka kusafiri huyo, mwalimu. Unataka nimuue na yeye?"

"Hajatoka hata shambani."

"Kasema tumsubiri."

Mwalimu akageuka kuelekea njiani. Halafu akasema, "Mimi nashuka Mkuyuni kutafuta gari. Likipatikana litakaa pale linawangoja, hata mkija jioni." Akaenda kwa mguu na zile ndala zake. Yusuph alikaa chini ya dirisha nje, kichwa kati ya magoti. Kila baada ya muda aliingia, anamshika Hidaya ule mkono wa kushoto, Hidaya anauminya, anatoka tena.

Ikafika saa sita. Hidaya hakuwa ametia kitu tumboni tangu usiku. Mimi ni mama, na mama akiona mtoto mgonjwa anafikiria chakula kabla ya kitu kingine. Nikakoroga uji wa ulezi, mwepesi, nikatia sukari. Nikamwinua kichwa kwenye paja langu, nikaanza kumnywesha kwa kijiko.

Kijiko cha kwanza kilimwagikia upande wa kulia wa mdomo. Nikafuta. Cha pili kikaingia, akakohoa. Nikamwambia, "Meza mwanangu, upate nguvu, mjomba anakuja." Akakohoa tena mpaka macho yakawa mekundu. Akanisukuma kwa mkono wa kushoto, ule mzima. Nikaushika ule mkono nikaubana kwapani kwangu, kama nilivyokuwa nambana akiwa mdogo hataki dawa ya minyoo, nikaendelea. Alikuwa anaziba meno. Nikapitisha kijiko pembeni. Tulimaliza nusu kikombe, nikafurahi. Nilimwambia Bi Mwajuma, "Afadhali, kala."

Hata saa moja haikupita, kifua kikaanza kukoroma. Alikuwa macho, halali, lakini kifua kinatoa sauti kama chungu cha maharage kinachotokota. Bi Mwajuma akasema ni makohozi yanalainika kwa ajili ya mafuta. Nikaamini, maana nilitaka kuamini.

Stambuli alifika saa tisa na nusu. Tulimsikia kabla hatujamwona, anapanda na mtu aliyembebea mchele, yeye mwenyewe kashika jogoo miguu. Ni mtu wa utani na wapwa zake. Akapaza sauti kutoka kwenye migomba, "Yuko wapi huyo mgonjwa wa kichwa? Kajifanya mgonjwa ili mjomba alete mchele. Mwambieni jogoo haliwi mpaka aje kuninawisha mikono."

Akainama mlangoni, akaingia na jogoo mkononi, akamwona Hidaya.

Hidaya alipomwona mjomba wake alijaribu kusema. Ikatoka ile sauti, na mate.

Jogoo alimtoka Stambuli mkononi akaruka juu ya kitanda akatoka nje. Hakuna aliyemfukuza.

"Maimuna. Tangu saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Asubuhi saa ngapi?"

"Moja na nusu."

"Ulinipigia saa tatu."

"Ndiyo."

"Uliniambia kichwa." Hakuwa anapiga kelele. "Uliniambia kidogo. Ungesema sana tu, neno hilo moja, ningekwambia mshushe, mimi nitawakuta mjini. Unajua nimetoka wapi sasa hivi? Nimebadilisha gari stendi ya Msamvu, mjini, saa saba. Nimekaa pale nimekula wali, nasubiri gari lijae. Hospitali iko pale pale mjini, Maimuna. Nimeipita kuja kukaa na mtu wa kichwa."

Mimi nikasema, "Niliogopa utaanguka njiani."

Akavua kofia, akajifuta nayo uso. "Mbona hamkumwachia Yusuph?"

Nikaangalia sakafu. Yusuph naye yuko pale, kasimama mlangoni, hakusema alikatazwa na nani.

Kwa kifua kile pikipiki isingefaa tena, wakafunga blanketi kwenye miti miwili, wanaume wakapokezana, tukashuka. Ukungu ulikuwa umeshaanza kutelemka, njia inateleza. Gari alilolipata mwalimu lilikuwa Mkuyuni tangu saa tano, dereva amelala kwenye kiti. Tulifika hospitali kubwa ya mjini inaadhiniwa magharibi. Hesabu mwenyewe, tangu saa moja na nusu asubuhi.

Daktari aliyetupokea anaitwa Collins, kijana tu, sawa na mwanangu wa mwisho. Swali lake la kwanza halikuwa jina. Aliuliza, "Mara ya mwisho mlimwona mzima kabisa saa ngapi?" Nilipomjibu, aliandika ile saa, akaiwekea mstari chini.

Hidaya akapelekwa kupigwa picha ya kichwa, kwenye ile mashine ya duara mtu anaingizwa humo. Aliporudi daktari alituweka kwenye benchi, mimi, Yusuph na Stambuli, akatueleza kwa subira. Alisema kiharusi kiko cha aina mbili. Kuna mshipa wa damu unaoziba na kuna mshipa unaopasuka, na kwa macho huwezi kutofautisha, ndiyo maana lazima picha kwanza, na ndiyo maana mtu asimpe mgonjwa hata aspirini nyumbani, maana kama umepasuka unamwongezea kuvuja. Wa Hidaya uliziba, upande wa kushoto wa kichwa, na upande huo ndio unaoendesha mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi ndiko maneno yanakokaa. Kilichouharibu mshipa ni presha iliyoachwa.

Stambuli akamuuliza, "Daktari, tungemwahisha?"

"Mzee, sitakudanganya. Kuna dawa ya kuyeyusha lile bonge la damu, lakini inafaa katika saa nne na nusu za mwanzo tu, na hapa kwetu haipo, iko hospitali chache. Pengine mngefika asubuhi tusingewahi kumfikisha kwenye dawa hiyo. Pengine tungewahi. Hilo sijui."

Nilishika hilo neno pengine. Nikawaza, basi si mimi. Hata tungeshuka asubuhi ingekuwa hivi hivi. Nilipumua.

Halafu akanigeukia. "Mama, leo amekula nini?"

"Uji, daktari. Nusu kikombe."

"Alimeza vizuri?"

"Alikuwa anakohoa."

"Mgonjwa wa kiharusi mara nyingi hawezi kumeza, mama. Koo nalo linapooza. Kila mgonjwa hapa tunampima kumeza kabla ya kumpa chochote, hata maji. Akipewa kabla, chakula hakiendi tumboni, kinaingia kwenye mapafu. Hicho kinachokoroma kifuani ni uji."

Aliongeza kwamba watu wengi wanaokufa baada ya kiharusi hawauawi na kile kichwa, wanauawa na kifua. Nilikuwa namwona mdomo unaenda, lakini masikioni mwangu nilikuwa nasikia Hidaya anakohoa na mimi namwambia meza.

Tulikaa siku ishirini na mbili. Waliweka mpira puani wa kumpitishia chakula. Kwa ajili ya kifua alichomwa sindano asubuhi na jioni, homa inashuka siku mbili, inapanda. Mtaalamu wa mazoezi, Erick, alinifundisha kumgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda, kumwekea mto chini ya ule mkono uliolala, kumnyoosha vidole kimoja kimoja. Alikuwa anamwambia Hidaya, "Leo nataka salamu ya kijeshi," na Hidaya anajaribu kucheka kwa upande mmoja. Wiki ya pili kidole gumba cha kulia kilitikisika. Erick aliita manesi wawili waje waone. Alituambia wapo wengi wanaotembea tena, wengine wanaongea tena, ubongo unajifunza upya mtu akianzishwa mazoezi mapema na asipochoka. Alisema Hidaya bado kijana, angeweza kuwa mmoja wao. Tatizo lilikuwa kifua tu.

Kitu kimoja sijamwambia mtu mpaka leo. Kila nilipokaribia kitanda chake na kikombe, hata kama ni maji yangu mwenyewe ya kunywa, Hidaya aligeuza uso ukutani na kuziba meno. Manesi walidhani anaangalia dirisha. Upande ule hakukuwa na dirisha. Nikaacha kunywa maji mbele yake. Nilikuwa natoka mpaka bombani nje, nakunywa, najifuta mdomo ndipo narudi.

Alifariki siku ya ishirini na mbili alfajiri, kifua kikiwa kimejaa. Nilikuwa nimemshika ule mkono wa kushoto, ule niliokuwa nimeubana kwapani.

Tulimzika huku juu. Stambuli hakuweza kusema chochote makaburini, na ni yeye aliyetakiwa kuongea kwa niaba ya ukoo. Alimpa mtu mwingine aongee. Mpaka leo akinipigia simu ananiambia, "Maimuna, nieleze kilichopo, usinipunguzie." Lakini sasa kuna nini cha kumweleza?

Watu walikuja kunipa pole, wakasema ni mipango ya Mungu. Mimi Mungu simkatai. Ila Mungu hakukoroga uji.

Kwa hiyo nakuandikia wewe. Ukimwona mtu ghafla uso umelegea upande mmoja, au mkono hauna nguvu, au maneno yanatoka ovyo, usimkande na usimsubiri mtu. Usimpe uji wala maji wala dawa. Mlaze ubavu, angalia saa, mshushe. Anayetakiwa kuambiwa ataambiwa mkiwa njiani, na aambiwe kama ilivyo, mdomo useme mdomo, mkono useme mkono. Na mtoto wako aliyepewa dawa za presha akiniambia leo kwamba anajiona mzima, nitampigia magoti ameze. Zikimkojoza sana arudi kwa daktari abadilishiwe, zipo za aina nyingi, hilo nililijua Hidaya ameshakufa. Nesi Jesca alinipima na mimi baada ya matanga, nikakutwa mia na sabini kwa mia. Nameza kila asubuhi. Nikimeza namfikiria aliyetakiwa kumeza.

Yusuph huja kila Ijumaa na watoto. Ananipa shikamoo, anakata kuni, anakaa pale chini ya dirisha. Miezi saba hakuwahi kunitamkia neno juu ya siku ile. Nilikuwa nangoja anitukane. Niliona akinitukana nitapumua kidogo. Ijumaa iliyopita nikashindwa, nikamwendea pale alipokaa.

"Yusuph, niseme."

"Nikuseme nini, mama?"

"Nilikukatalia kumchukua mkeo. Nilikwambia ukoo huu si wako. Niseme."

Alikuwa anachonga mpini wa jembe.

"Mama, wewe ulikuwa na miaka sitini na kitu siku ile, na mkono wako mmoja unauma. Ningeamua kumbeba, ungenizuia na nini?"

Akageuza mpini upande wa pili.

"Pikipiki ilikuwa na mafuta. Nilikaa hapa hapa chini ya dirisha saa sita nzima, namsikia anakohoa. Nilijiambia, Yusuph, ukimbeba utaambiwa huna adabu. Basi nikawa na adabu."

Alipuliza maganda kwenye mpini, akaujaribu mkononi. Watoto walikuwa ndani wanagombania kigoda. Yule mdogo, aliyezaliwa wakati wa presha ile, akatoka na kikombe cha maji kumpelekea baba yake, na mimi nikageuza uso ukutani.